Majina Kwenye Jalada: Momela, Hatari! na Sauti za Chini ya Mlima Meru

Mwaka 1962 kampuni ya RCA Victor ya Marekani ilitoa santuri yenye jina la Kiswahili: Hatari! Mtunzi aliyetajwa alikuwa Henry Mancini, aliyekuwa akivuma Hollywood kuliko wenzake wengi wa wakati ule. Santuri ilinunuliwa kwa kasi, ikaingia kwenye kumi za juu za chati za Marekani, na mwaka uliofuata kibao chake kimoja kikampatia Mancini tuzo ya Grammy. Wengi walioicheza majumbani mwao hawakujua kwamba chimbuko lake ni Momela, kitongoji chenye maziwa na vilima upande wa mashariki wa Mlima Meru, mwendo mfupi kutoka mji wa Arusha.

Historia ya santuri hiyo inastahili kusimuliwa kuanzia Momela kwenyewe, kisha ifuatwe hadi kwa wasanii wa Arusha waliorekodi albamu zao miaka 40 baadaye. Katika safari hiyo yote liko swali ambalo wahakiki wa muziki hawakulipa uzito: sauti ya mtu wa kijijini ikiingia kwenye santuri, jina lake linaingia nalo?

Ardhi kabla ya kamera

Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa Meru uliporomoka. Mawe, tope na majivu yakamiminika hadi nyikani, yakaacha vilima visivyohesabika na mabonde katikati yake. Mabonde hayo yakajaa maji, yakawa maziwa ya Momela: Momela Kubwa na Momela Ndogo, Rishateni, Lekandiro, Tulusia, Kusare na El Kekhotoito. Maji yake hutoka ardhini, na kila ziwa lina kiwango chake cha magadi, ndiyo maana rangi ya hili si rangi ya lile ingawa yamepakana. Heroe hufuata magadi hayo. Nyati, twiga na tembo hushuka kutoka msituni kunywa maji.

Wenyeji wa miteremko hiyo ni Wameru. Kuelekea mji wa Arusha wapo Waarusha, na tambarare za kaskazini na magharibi ni malisho ya Wamaasai. Wajerumani walipoitwaa nchi waligawa mashamba makubwa kuuzunguka mlima. Mmoja wa walowezi hao alikuwa Margarete Trappe, aliyefika mwaka 1907 na mumewe Ulrich, akajenga Momela na kupata sifa ya uwindaji iliyovuka mipaka ya Tanganyika. Alifariki mwaka 1957.

Uchungu mkubwa zaidi ulikuja chini ya Waingereza. Tume ya ardhi iliyoongozwa na Jaji Mark Wilson ilipendekeza kuwa eneo la Ngare Nanyuki, jirani kabisa na Momela, liwe la wafugaji wa Kizungu. Novemba 1951 serikali iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 pamoja na mifugo yao na kuwapeleka Kingori. Nyumba zilichomwa moto. Wameru walichanga fedha, wakamtuma kijana wao Kirilo Japhet hadi New York mwaka 1952 kusimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na wakili Earle Seaton. Hawakupata ushindi waliouomba, lakini kesi ya ardhi ya Meru iliamsha watu Tanganyika nzima, na madai yale yakawa sehemu ya njia iliyofika kwenye uhuru.

Nimeanza na hayo kwa sababu filamu iliyokuja Momela haikuyataja hata kidogo. Miaka tisa tu baada ya moto wa Ngare Nanyuki, Hollywood ilifika hapo hapo na kuonyesha nchi isiyo na mgogoro wowote isipokuwa kati ya mtu na faru.

Wageni wenye magari na kamera

Mwongozaji Howard Hawks aliwasili Tanganyika na kikosi chake mwishoni mwa 1960, wakapiga picha hadi mwanzoni mwa 1961. Hadithi yake ilikuwa nyepesi. Kundi la watu wanaokamata wanyama hai kwa ajili ya bustani za wanyama za Ulaya na Marekani linaishi pamoja kwenye kambi, linafukuza faru na twiga mchana, usiku linakunywa, linacheza muziki na kupendana. John Wayne alikuwa kiongozi wa kundi. Elsa Martinelli wa Italia alicheza mpiga picha aitwaye Dallas. Hardy Krüger alitoka Ujerumani, Gérard Blain Ufaransa. Makao ya kundi hilo kwenye filamu yakaitwa kwa jina la mahali halisi: Momela.

Hawks hakutaka hila za studio katika matukio ya kukamata wanyama. Waigizaji wenyewe walipanda kwenye magari, wakawakimbiza wanyama kwenye nyika yenye mashimo na mawe, Wayne akiwa ameketi mbele kabisa ya gari na kitanzi mkononi. Mkamata wanyama Willy de Beer aliwaongoza katika kazi hiyo. Vumbi tunaloliona kwenye filamu ni vumbi la kwetu, na pumzi za wale watu zinakatika kwelikweli. Mpiga picha Russell Harlan alipendekezwa kuwania tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo.

Wenyeji wamo kwenye filamu pia. Wanaendesha wanyama, wanabeba mizigo, wanacheza ngoma, na katika tukio moja wanampa Dallas jina la Mama Tembo kwa sababu ya ndama watatu wa tembo anaowalea. Wanaonekana vizuri, wanasikika kidogo, na kati yao hakuna mwenye kisa chake mwenyewe.

Filamu ilionyeshwa kuanzia Juni 1962. Tanganyika ilikuwa imeshakuwa huru tangu tarehe 9 Desemba 1961, hivyo watazamaji wa nje walikuwa wakiiangalia nchi ya kikoloni iliyokwisha kuondoka. Ufaransa, vijana wa uhakiki wa sinema waliokuwa wakimheshimu Hawks kama bwana wa fani waliipenda sana. Jean-Luc Godard alilibandika bango la Hatari! ndani ya filamu yake Le Mépris ya mwaka 1963. Neno la Kiswahili likawa limeandikwa ukutani kwenye filamu ambayo wanafunzi wa sinema huitazama hadi leo.

Sanduku la ala

Muziki wake nao una kisa. Hawks hakutaka muziki wa filamu uliozoeleka, wenye vinanda vya nyuzi vinavyolia kila mnyama anapokimbia. Alikuwa amefanya kazi mara nyingi na Dimitri Tiomkin, na Hawks mwenyewe alisimulia kwamba alipomwambia anataka ala za Kiafrika na kuacha nyuzi, Tiomkin alidhani ni mzaha. Kazi ikaenda kwa Mancini. Wakati huo Mancini alikuwa na umri wa miaka 37, muziki wake wa kipindi cha televisheni Peter Gunn ulikuwa umeshinda tuzo ya Grammy ya albamu ya mwaka kwa mara ya kwanza tuzo hizo zilipotolewa, na wimbo wake Moon River ulikuwa mdomoni mwa kila mtu.

Katika kitabu cha kumbukumbu zake cha mwaka 1989, Mancini alieleza kwamba Hawks alikuwa amerudi Marekani na sanduku la ala kutoka Afrika. Ndani yake mlikuwa na vibuyu vya kutikisa, maganda makavu ya miti yenye mbegu zinazolia na malimba za kupigwa kwa vidole gumba. Pamoja na ala kulikuwa na kanda ya nyimbo za Kimaasai. Mancini alizisikiliza, akachukua kipande cha wimbo na kukifanya mbegu ya muziki wa kufungulia filamu, ule ambao kwenye santuri unaitwa The Sounds of Hatari.

Tutulie hapo kidogo, maana hapa ndipo kazi ya msanii mmoja ilipokutana na kazi ya jamii nzima. Muziki wa asili wa Wamaasai hauna ngoma. Mdundo hutoka kifuani na kooni. Olaranyani, yaani kiongozi wa wimbo, hutoa mstari kwa sauti ya juu. Wenzake hujibu kwa sauti nzito zinazopishana, huyu akivuta pumzi, yule akiitoa, mpaka pumzi zenyewe zinakuwa ala. Shingo hutupwa mbele na kurudi, mabega hufuata, na kwa wanawake shanga za shingoni huruka na kushuka na kuongeza mlio wake. Kwenye sherehe kubwa hupulizwa pembe ya tandala. Wimbo wa namna hiyo hauna mtunzi mmoja anayejulikana, lakini haukosi mwenyewe. Rika lina nyimbo zake, na olaranyani huchaguliwa kwa sababu wenzake wanajua kwamba wimbo ule yeye ndiye anayeuweza.

Mancini aliupeleka wimbo huo katika ulimwengu mwingine. Alitandika ngoma nyingi chini yake, akaweka tarumbeta na pembe za okestra juu, akauacha ukue polepole kama mawingu yanayopanda Meru alasiri. Muziki ule una nguvu. Anayeusikia anahisi upana wa nyika na shaka ya mwindaji. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Mancini hakuiga kwa uvivu. Alisikiliza kwa makini, akaacha ala za sanduku zisikike zilivyo, na vibuyu vile havikuzikwa chini ya okestra. Ila ngoma alizoweka hazikuwa za Wamaasai. Zilikuwa ngoma za Hollywood kama Hollywood ilivyoidhania Afrika.

Ndama watatu na kinanda

Kibao kilichobeba santuri kilizaliwa kwa bahati. Hawks alikuwa amepiga picha za Dallas akiwapeleka ndama watatu wa tembo majini kuoga. Tukio halikuwa na maneno wala halikusukuma hadithi mbele, na mwongozaji hakuwa na hakika kama litabaki. Alimwonyesha Mancini, akamuuliza kama lina maana yoyote kwake. Mancini akatazama miguu ya wale ndama. Walikuwa wakitembea kwa mwendo wa mapigo manane kila hatua ya muziki, mwendo wa bugi wa miaka ya 1940 aliokuwa ameupenda ujanani.

Akautunga Baby Elephant Walk. Unaanza na kinanda cha umeme chenye mlio wa vinanda vya sarakasi, kikitembea chini kizitokizito kama miguu minene. Kisha klarineti ndogo, ile yenye sauti nyembamba kuliko dada zake, inaingia juu na mlio wa utani, kama kichwa cha ndama kinachotikisika huku na huku. Chini kuna uzito, juu kuna wepesi, na katikati pameachwa nafasi tupu. Kibao kizima hakifiki dakika tatu, na mtoto wa miaka miwili akikisikia anaanza kutembea.

Grammy ya mwaka 1963 ilitolewa kwa mpangilio huo wa ala. Bendi ya Lawrence Welk ilikirekodi kibao mwaka ule ule wa 1962, Quincy Jones akakiweka kwenye albamu yake ya tungo za Mancini mwaka 1964, na Hal David akakiandikia maneno. Kwa zaidi ya miaka 60 kimekuwa kikitumika kwenye televisheni na vichekesho kila palipohitajika kuonyesha kitu kizito kinachochekesha. Kwa wahakiki wa muziki wa filamu, santuri ya Hatari! imebaki kati ya kazi bora za Mancini, kwa sababu ilithubutu kuacha nyuzi na kuipa midundo nafasi ya kwanza. Sifa hizo anastahili.

Lakini tazama sifa zilikokwenda. Zilikwenda kwa mtunzi, kwa mpangilio, kwa wapigaji wa Hollywood. Wimbo mmoja wa santuri, Just for Tonight, haukuwa wa Mancini, na waliouandika, Hoagy Carmichael na Johnny Mercer, wakatajwa kwa majina kama desturi inavyotaka. Olaranyani aliyeimba kwenye kanda ya Hawks hakutajwa. Kwenye jalada, muziki wa ufunguzi ni wa Mancini.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo yalikuwa mambo ya wakati ule. Mimi sikubali, na nina sababu. Mwaka 1950, miaka kumi kabla ya Hawks, Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mashine ya kurekodia, akikusanya nyimbo ambazo baadaye zilitolewa kwenye mfululizo wake wa santuri zaidi ya 200. Tracey alikuwa mtu wa enzi yake na alikuwa na kasoro zake, lakini alijitahidi kuandika ni nani ameimba, ni wa kabila gani, wimbo unaitwaje na umerekodiwa wapi. Kuandika jina la mwimbaji kuliwezekana. Kulihitaji kalamu, karatasi na heshima.

Baada ya wageni kuondoka

Hardy Krüger hakuondoka kabisa. Alinunua shamba Momela, akaishi hapo miaka mingi, akaendesha hoteli na kuandika kitabu kuhusu maisha yake Afrika. Hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto ilipanuliwa kuyachukua maziwa, na baadaye ikaitwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Wageni wanaoingia leo kwa lango la Momela huambiwa habari za John Wayne. Kirilo Japhet hutajwa mara chache zaidi, ingawa pale ni kwao.

Ala za sanduku la Hawks nazo zilipata msemaji wake. Mwanamuziki Mgogo Hukwe Zawose, aliyezaliwa Dodoma na kuhamia Bagamoyo, alizipiga malimba kubwa zenye funguo nyingi kuliko malimba yoyote iliyowahi kuingia kwenye sanduku la mtalii, huku akiimba kwa sauti iliyopanda kutoka unene wa kifua hadi wembamba wa filimbi. Mwaka 1996 kampuni ya Real World ya Uingereza ilitoa albamu yake Chibite, na jina lake likawa kwenye jalada. Alitunga, akaimba, akapiga, na wahakiki wa Ulaya walipomsifu walikuwa wakimsifu mtu mwenye kwao na mwenye jina. Alipofariki tarehe 30 Desemba 2003, magazeti ya nje yaliandika wasifu wake kama yanavyomwandikia bwana wa fani yoyote. Katika miaka 34 tangu Hatari!, malimba ilikuwa imetoka kwenye kundi la vitu vya kuleta ladha ikawa ala yenye mwalimu wake.

Arusha inajirekodi

Sauti ya Kimaasai ilifuata njia hiyo hiyo kwa kuchelewa kidogo, na ilipofika ilipitia kwa vijana wa mjini. Mwaka 2002 redio za Tanzania zilijaa wimbo Mi Mmasai wa Mr. Ebbo, yaani Abel Loshilaa Motika, Mmaasai aliyeimba kwa Kiswahili chenye lafudhi ya nyumbani kwao na kuvaa shuka jukwaani. Wimbo ulimtaka msikilizaji acheke, na alicheka. Chini ya kicheko mlikuwa na hoja: kwamba kijana anaweza kuingia mjini bila kuvua alichovaa, na kwamba wanaomcheka kwa shuka yake ndio waliopoteza kitu. Albamu yake aliiita Fahari Yako.

Mapokezi yalikuwa ya namna mbili. Watoto waliimba kibwagizo mitaani, na wapo waliofurahi kumwona Mmaasai akijisemea mwenyewe badala ya kusemewa na wachekeshaji wa makabila mengine. Lakini kila utani una hatari ya kukaririwa bila hoja yake. Lafudhi ile ile ilichukuliwa na waigaji kuwakebehi walinzi wa Kimaasai mijini, na Mr. Ebbo alilazimika kubeba mzigo wa watu walioshika kicheko wakaacha fahari. Alifariki Desemba 2011 mkoani Arusha. Naamini albamu yake inahitaji kusikilizwa upya, kwa utulivu, na watu waliokuwa watoto wakati ule.

Miaka miwili baada ya Mi Mmasai, kundi la X Plastaz la Arusha lilitoa albamu iliyoitwa Maasai Hip Hop. Kundi lilianza mwaka 1996, Faza Nelly, Ziggy na Gsan wakirap kwa Kiswahili na wakati mwingine kwa Kihaya, lugha ya asili ya familia yao. Dineh na mdogo wao Steve nao walishiriki. Kisha wakaungana na Merege, Mmaasai aliyekuja na nyimbo za kwao. Albamu ilitolewa na kampuni ya Outhere ya Munich, Ujerumani, na ikawazungusha Ulaya jukwaa kwa jukwaa.

Isikilize ukiwa umetoka kusikiliza The Sounds of Hatari. Mambo yamegeuka. Merege anaanza kama olaranyani anavyoanza, sauti juu, pumzi ikikatwa na kuachwa. Mdundo wa hip hop unaingia chini yake na kumfuata, na marapa wanakaa mahali pa waitikiaji. Mfumo wa zamani wa kuita na kujibu umebaki mzima. Walioitikia ndio waliobadilika. Maneno yao yanahusu njaa, polisi, dhiki ya kijana wa mtaani na dhambi ya maskini, mambo ambayo filamu ya Hawks haikuwa na nafasi nayo. Mji wa Arusha hapa una watu wanaotafuta chakula cha jioni.

Wahakiki wa Ulaya waliipokea albamu hiyo kama kitu kipya, na kwa haki. Hata hivyo upo ukosoaji wa kweli unaofaa kuwekwa mezani. Jina Maasai kwenye jalada linauza. Shuka nyekundu inauza. Marapa wengi wa kundi hawakuwa Wamaasai, na msikilizaji wa Munich aliyevutwa na picha ya morani huenda hakujali Gsan anasema nini. Soko lililompenda Mancini kwa harufu ya nyika lilikuwa bado lipo, limebadilisha nguo tu. Nakubali hoja hiyo, lakini haifuti tofauti kubwa. Merege alikuwa studio, alikuwa jukwaani, alitajwa, alisafiri, na alipotaka kukataa mdundo aliweza kukataa. Sauti ya kwenye kanda ya Hawks haikuweza kukataa lolote.

Faza Nelly alifariki mwaka 2006, pigo ambalo kundi halikulisahau. Mwaka 2009 Gsan alisimama Marekani kwenye mashindano ya mistari ya tuzo za hip hop za BET na kurap Kiswahili mbele ya kamera za nchi iliyowahi kulichukua neno hatari na kuliweka kwenye santuri. Safari hii neno lilisafiri na msemaji wake.

Namna ya kuisikiliza albamu

Sheria nayo imesogea. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za asili zisizo na mtunzi mmoja, na Chama cha Hakimiliki, COSOTA, kiliundwa kusimamia haki za wasanii. Wamaasai wenyewe wameanza kudai kwamba jina lao, rangi zao na nembo zao zisitumike na makampuni ya dunia bila ridhaa na bila malipo. Lakini mwimbaji wa kijijini anayerekodiwa leo kwa simu na mgeni ana ulinzi mdogo kuliko tunavyodhani. Rekodi inaweza kuwa kwenye tangazo la biashara kabla jua halijazama, na jina halipo.

Kwa hiyo nadhani uhakiki wa muziki wetu unapaswa kuongeza kipimo kimoja. Tumezoea kuuliza kama albamu ina tungo nzuri, kama sauti imekaa, kama mpangilio wa ala una akili, kama imeuza. Kwa vipimo hivyo Hatari! ilishinda mwaka 1962 na ingeshinda leo. Kipimo kinachokosekana ni kama watu waliotoa sauti wanajulikana, wamelipwa, na walikuwa na kauli juu ya kazi. Si kipimo cha siasa kilichoongezwa juu ya sanaa. Ni sehemu ya sanaa, kwa sababu wimbo wa kuita na kujibu ukiondolewa anayeita hubaki nusu, hata ukipambwa na okestra nzima.

Hifadhi, vyuo na redio za Arusha zina kazi ya wazi hapa. Wazee walioimba, waliocheza na waliofanya kazi Momela mwaka 1960 na 1961 wamebaki wachache, na watoto wao wapo Ngare Nanyuki, Leguruki na kwenye nyika za Longido. Filamu ipo, nyuso zinaonekana, na zikionyeshwa kwenye mikutano ya vijiji huenda wengi wakatambuliwa na ndugu zao. Majina yaandikwe. Yawekwe langoni Momela pamoja na jina la John Wayne, na yapelekwe kwa wenye haki ya santuri ili toleo lijalo liyataje.